Siku Baba Alipojua Ninachopasua

Nilisoma udaktari, nikamaliza mwaka wa mazoezi, nikarudi chuoni kusomea upasuaji, kisha nikaongeza upasuaji wa watoto juu yake. Wenzangu niliokua nao mtaani Makongeni walikuwa tayari na watoto wa shule, mimi bado nafanya mitihani. Miaka yote hiyo baba, aliyestaafu kutoka kiwanda cha nguo hapa Thika, alinivumilia kwa sababu moja tu: aliamini nasomea kitu kikubwa.

Kitu chenyewe, kwa sehemu kubwa, ni matumbo. Nikishamshona mtoto utumbo, elimu yangu yote husimama kando ya kitanda kungoja ajambe. Profesa aliyenifundisha, mama mkali aliyefunga miwani yake kwa uzi, hakuwahi kuniuliza asubuhi kama nimelala. Aliuliza, "Ametoa hewa?" Nikijibu ndiyo, alitabasamu kama mtu aliyepandishwa cheo. Nikijibu bado, chai haikunyweka.

Nyumbani sikueleza hayo. Baba akiniuliza, "Kwani unapasua nini hasa?" nilimjibu, "Watoto, baba." Akaridhika.

Mwaka wangu wa kwanza kama daktari bingwa, katika hospitali moja mjini Thika, nililetewa kitoto cha siku mbili kutoka Ruiru. Tumbo lilikuwa limefura, na kilikuwa kinatapika kijani. Kilikuwa kimezaliwa bila tundu la haja kubwa, na hakuna aliyegundua mpaka nyanya yake alipokibadilisha nepi. Mama mtu alikuwa bado hoi kwa uzazi, kwa hivyo nilizungumza na huyo nyanya: mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe, kiongozi wa kina mama kanisani kwao.

"Daktari," akaninong'oneza, "huyu mtoto hana… hana ile."

"Hana njia ya haja kubwa, shosho. Tutamtengenezea."

"Inatengenezwa?"

"Inatengenezwa."

Akaitazama mikono yangu kwa muda. "Na nitaambia kanisa tuombee nini? Siwezi taja hiyo kitu mbele ya watu."

Nikamshauri aseme tumbo.

Kwanza niliutoa utumbo kwenye ngozi ya tumbo, choo kikawa kinatokea hapo. Mifuko maalum ya kukinga ilipokosekana, shosho alikunja vipande vya leso kuukuu na kumfunga mjukuu wake vizuri kuliko sisi tuliosomea. Miezi kadhaa baadaye nikamtengenezea njia yenyewe, mahali pake. Mwisho kabisa nikalifunga lile tundu la tumboni, tukakaa kungoja.

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nilienda nyumbani nikakitazama chakula tu. Siku ya tatu asubuhi, nikiwa bado kwenye korido, nikasikia kelele wodini: "Amekunya! Daktari, amekunya!" Yule kiongozi wa kina mama alikuwa ameinua nepi juu kwa mikono miwili, na wazazi wa wodi nzima wanapiga makofi. Nikaichungulia. Nimewahi kupewa vyeti kadhaa maishani, na hakuna hata kimoja kilichonitoa machozi.

Mtoto alipofikisha miaka miwili, shosho aliandaa ibada ya shukrani kanisani kwao Ruiru, akanialika. Nikafanya kosa la kumwambia baba. Alivaa suti, akaja na wazee wawili aliofanya nao kazi kiwandani, wakaketi mstari wa mbele pamoja nami.

Shosho akapewa maikrofoni. Nilitegemea atasema tumbo.

"Nyinyi mmekuwa mkiomba bila kujua mnaombea nini!" akaanza. "Huyu mtoto alizaliwa kumefungwa huku nyuma. Kabisa! Kama ukuta! Na yule msichana ameketi pale ndiye alimtoboa. Leo anaenda choo kunishinda!"

Kina mama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, hadi spika ikakoroma. Pasta akaangalia Biblia yake. Mimi sikuthubutu kumwangalia baba, lakini nilimsikia mmoja wa wale wazee akimwinamia.

"Si ulituambia ni moyo?"

Baba akasafisha koo.

"Moyo baadaye," akajibu. "Ameanzia chini."

Baada ya ibada tulikula kwenye tenti. Baba aliketi karibu na shosho, na mara nikamsikia akimuuliza, sahani ya pilau mapajani, njia kama hiyo inapimwaje upana. Shosho akamweleza yote, toka siku ya kwanza, bila kuacha hata rangi. Baba aliacha kula ili asikilize.

Mimi sikuwa nimemaliza chakula changu. Mama mmoja kijana alinivuta mkono wa blauzi, akaniomba nimwangalie mwanawe aliyekuwa na uvimbe kwenye kinena. Tukaingia ofisi ya pasta, nikampima, nikamwambia ni ngiri, amlete hospitali Jumanne.

Nilipotoka nilimkuta baba amewapanga akina mama wengine watatu kwenye viti vya plastiki, watoto wao mapajani, naye amesimama mbele yao na koti lake la suti, akiwauliza mmoja mmoja kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Na huyu, anaenda choo vizuri?"

Watoto wawili walikuwa wazima. Wa tatu nilimfanyia upasuaji mwezi uliofuata.