Hatua Thelathini na Moja hadi Chooni

Mama Deki hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wauguzi wa hospitali anakopiga deki, mwaka wa ishirini na sita sasa, na akalipokea kwa mikono miwili maana halikumsingizia. Wodi mbili, vyoo vinne, na korido moja ndefu isiyo na huruma. Korido ile anaijua kuliko anavyoujua mgongo wa mumewe.

Sasa niambie: mtu kama huyo, ukitaka kuchora ramani ya nyumba yake, humuulizi neno? Hata moja? Basi hawakumuuliza.

Aliyeichoresha ni shemeji yake, kaka wa mumewe, ambaye ukoo mzima unamwita Mkubwa. Mkubwa alistaafu ukarani, na karani akistaafu akakosa wa kumtuma, huanza na ndugu zake. Alimkokota mdogo wake, fundi baiskeli mpole asiyejua kusema hapana, mpaka kwa mchora ramani. Walirudi Alhamisi jioni, Mkubwa kaibana karatasi kwapani utadhani kiwanja ni chake. Jumatatu wachimba msingi wanaingia kazini, alisema.

Mama Deki aliitandaza ile karatasi mezani, pembe akazikandamiza kwa vikombe. Ramani hakuwahi kufundishwa kusoma, lakini korido aliiona mara moja. Ilianzia sebuleni, ikapita vyumba vitatu, ikakata kona, ikaishia kwenye kichumba kilichoandikwa "Bibi".

Bibi ni mama yao hao ndugu wawili, mama mkwe wa Mama Deki, miaka themanini na ushee, magoti yameshasema basi. Nyumba yenyewe ilikuwa inajengwa kwa ajili yake, kwa sababu walikopanga ni ghorofani na ngazi zilikuwa zimemshinda. Choo cha familia kilichorwa huko mwanzo wa korido, ubavuni mwa sebule. Na mbele kabisa, karibu na mlango mkubwa, palikuwa na chumba kipana chenye choo chake humo humo ndani. Hicho kiliandikwa "Wageni".

"Wageni gani hao?" aliuliza Mama Deki.

"Nyumba ya heshima haikosi chumba cha wageni, shemeji."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa kwetu tunampa choo?"

Fundi baiskeli alicheka, akaona uso wa kaka yake, akakimeza kicheko. Mkubwa akakunja karatasi yake taratibu. "Ramani imeshapigwa muhuri. Wewe shemeji kazi yako ni usafi, na unaiweza sana. Ya ramani waachie wenye ramani."

Lo! Bora angemtukana. Mama Deki alisema tu, "Sawa." Na mwanamke akisema sawa kwa sauti ile, mwenye akili zake huomba radhi hapo hapo. Mkubwa aliomba chai.

Jumamosi asubuhi Mama Deki alikuwa kiwanjani na debe la chokaa, kamba na vigingi. Mumewe alimsomea vipimo vya kwenye karatasi, akamshikia kamba, hakuuliza kitu. Kufika saa nne nyumba nzima ilikuwa imelala chini, nyeupe pee, kila ukuta na urefu wake halisi, kila mlango na upana wake. Bibi aliletwa kwa teksi, akawekewa kiti kivulini. Mkubwa alikuja kwa miguu yake, amechomekea shati.

"Haya shemeji, nyumba yako hiyo, kwa vipimo vyako," alisema Mama Deki. "Sharti ni moja tu. Mstari ni ukuta. Hakuna kupita ukutani."

Akamtwisha ndoo ya maji, imejaa mpaka ukingoni. Ayatoe jikoni ayapeleke chumbani kwa Bibi, ya kuoga. Mkubwa akacheka, akabeba. Alipoingia koridoni maji yalianza kumrukia viatuni. Alipofika konani akachoka na mambo ya kona, akakata moja kwa moja.

"Umepita ukutani!" Mama Deki alipiga kelele. "Rudi! Anzia jikoni!"

Safari hii fundi baiskeli alicheka mpaka akachuchumaa. Mkubwa akaitua ndoo kwa hasira. "Huu ni mchezo wa watoto! Nimeacha shughuli zangu nije kucheza kombolela?"

Hapo Bibi akasimama. Hakuna aliyemwambia. Alijikongoja mpaka kwenye kile kichumba cha chokaa, akageuka. "Nikitoka humu nikitaka choo, napita wapi?"

Mama Deki akamwonyesha. Hakutaka kumwona bibi wa watu akijaribiwa, ila mzee kashaanza. Akawa anahesabu kwa sauti. Asubuhi ile Mama Deki alikuwa ameshazipima kwa mwendo wa mzee: hatua thelathini na moja. Bibi alifika tisa, akapumua. Kumi na moja, akapinda kona. Kumi na tano, akanyoosha mkono aushike ukuta, na ukuta haukuwepo. Kumi na tisa, akasimama. Choo kilikuwa bado kule.

"Hapa," alisema kwa upole, akigonga mkongojo chini. "Hapa ndipo ningekuwa nimeshachelewa."

Mkubwa aliangalia viatu vyake vilivyolowa.

"Miaka ishirini na sita nafuta korido," alisema Mama Deki. "Nimewakuta watu wazima na akili zao, waliowahi kufundisha shule na kulea watoto tisa, wamesimama katikati ya korido wamelowa, wananiomba samahani. Mimi! Mwenye kosa ni aliyekiweka choo mbali. Nitafuta kila kitu ndani ya nyumba yangu, hiyo aibu sifuti, kwa sababu haitatokea. Jumatatu atakayeleta sululu kwa ramani hii, aanze kunichimba mimi."

"Muhuri umeshapigwa," alisema Mkubwa, lakini sasa alisema kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Muhuri utapigwa mwingine," alisema mdogo wake, fundi baiskeli, asiyejua kusema hapana. Akachukua kalamu mfukoni, akapiga mstari juu ya neno "Wageni", akaandika pembeni "Mama". Herufi zilipinda, ila zilisomeka.

Mkubwa aliinama akalisoma neno lile jipya. Halafu likamtoka lile alilokuwa nalo moyoni tangu Alhamisi.

"Basi mimi nikija nitalala wapi?"

Bibi alikuwa ameshavuka kuta mbili za chokaa bila kuomba ruhusa ya mtu, amesimama katikati ya chumba kipana cha mbele. Aliinua mkongojo akauelekeza kule mwisho, nyuma ya kona, kwenye kile kichumba.

"Kule, mwanangu," alisema. "Wewe miguu unayo."