Delyth Alipolipwa kwa Kumtunza Mama Yake

Bondeni kwao majina ya ukoo ni machache mno. Kila mlango wa pili ni Probert au Bevan, kwa hiyo mtu huongezewa kazi yake ili barua zisipotee njiani. Delyth Probert aliitwa Delyth Kantini, kwa kuwa ndiye aliyewapakulia watoto chakula cha mchana katika shule ya msingi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na binti mmoja wa miaka minane, Mabli. Baba wa Mabli alihamia Swansea kwa mwanamke mwenye saluni ya mbwa, na sisi tumwache hukohuko.

Mama yake Delyth, Bibi Eirlys, alikaa mtaa uleule, milango minne mbele, peke yake, miguu imevimba na mdomo mzima. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi Delyth alikuwa kwake. Kazi ya kwanza ilikuwa kumvika zile soksi za kubana alizoandikiwa na daktari, na hiyo si kazi ya mchezo, maana soksi inavutwa kwa mikono miwili huku mwenye mguu anakukosoa. Kisha kuoga, vidonge, uji wa shayiri. Halafu mbio nyumbani kumpeleka Mabli shuleni, mbio kantini, mbio tena kwa mama kupika na kufua, na jioni kumlaza. Hakuna aliyemtuma. Ukimwuliza kwa nini anafanya hivyo, angekutazama kama umemwuliza kwa nini anapumua.

Aliyeanzisha balaa lote ni Sioned, mwenzake wa kantini.

"Dada, wewe nawe umezidi," Sioned alimwambia wakisugua masufuria. "Kuna posho ya watu wanaotunza wagonjwa. Unatakiwa uwe unamtunza mtu saa thelathini na tano kwa wiki, basi. Wewe zako si zinamwagika?"

"Na posho yangu ya kila mwezi, hii ya wenye kipato kidogo?"

"Hiyo unaendelea nayo. Jaza tu."

Sasa, mtu mwenye akili angekwenda kwanza kwa Bevan Fomu, tarishi mstaafu ambaye kila Alhamisi huketi kwenye ukumbi wa kanisa akiwajazia watu karatasi za serikali bure. Delyth hakwenda, kwa sababu Bevan huanza na habari za nyongo yake iliyotolewa, na kabla hajafika kwenye shida yako chai imepoa mara mbili. Akajaza mwenyewe kwa simu, amekaa kwenye ngazi za mama yake, mama yumo bafuni anaimba.

Pesa zikaja. Kweli, zilizotoka kwenye posho ya mtunzaji zilikatwa zote kwenye posho yake ya kila mwezi, senti kwa senti, lakini hapohapo akaongezewa kifungu cha watunzaji. Mwisho wa yote akajikuta na kama pauni mia mbili zaidi kwa mwezi. Akamnunulia Mabli viatu ambavyo havijavaliwa na mtoto mwingine kabla yake, akamwandikisha kuogelea. Wiki tatu nzima Delyth alitembea mtaani kama mwenye mtaa.

Kisha Jumanne moja mama yake akapata barua. Delyth alimkuta ameishika chini ya kioo cha kukuzia.

"Delyth, nani ananitunza?"

"Mimi, Mama. Nani tena?"

"Hapa wanasema yupo mtu analipwa kunitunza. Kwa hiyo nyongeza yangu ya ulemavu mkubwa imesitishwa."

Nyongeza ile ndiyo iliyowasha gesi ya kupasha joto nyumba nzima, maana kifua cha Eirlys na baridi haviivani. Ndiyo pia iliyolipia teksi ya Jumatano kwenda mazoezi ya kwaya kule chini ya kilima. Miaka arobaini Eirlys aliimba sauti ya pili, na siku hizi ile ndiyo safari pekee iliyomtoa nje ya mlango wake.

"Mama, sikujua kama watakukata wewe."

"Miaka yote hii nadhani unakuja kwa kuwa nimekuzaa," mama yake alisema, anakunja barua polepole. "Kumbe nimekuwa kibarua."

Delyth alijieleza wee, mpaka akachoka. Kwa Eirlys ilikuwa kama anamwambia ukuta.

Kesho yake asubuhi alikuta daftari la shule kwenye meza ya mlangoni, kalamu imefungwa kwa uzi.

"Saini," mama yake alimwambia kutoka kitandani. "Andika umeingia saa ngapi."

"Mama, acha utani."

"Utani gani, Bi Mtunzaji? Serikali imenipokonya yangu ikakupa wewe, basi angalau nisimamie kazi. Ukitoka unaandika pia. Nataka saa zangu thelathini na tano, na ikipungua hata dakika nitawapigia simu."

Delyth akasaini. Angefanyaje? Ameshika mguu wa mama yake mkononi, soksi imefika nusu, na mama anamwuliza kama wafanyakazi wa siku hizi hufundishwa kuvuta soksi au huokotwa tu barabarani. Gesi ilikuwa imezimwa. Eirlys alikunywa uji amevaa koti na kofia yake ya kanisani, pumzi zinamtoka puani kama moshi kwa baridi. Jioni teksi ya kwaya haikuitwa. Delyth akasema atailipa yeye.

"Sipandi teksi ya pesa zangu zilizopitia mfukoni mwa mtu mwingine," mama yake akamjibu, akageukia ukuta.

Hilo ndilo lililomuuma Delyth. Kejeli alizizoea tangu tumboni, lakini mama yake kugeukia ukuta, hapana. Kesho yake kantini alimwaga mchuzi wa nyama juu ya keki za watoto kumi na wanne kabla Sioned hajamnyang'anya upawa.

Siku hiyohiyo ya Alhamisi akaenda kwa Bevan Fomu. Akasikiliza nyongo mwanzo mpaka mwisho, kisha akamwekea barua mezani. Bevan akaisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, nyongeza hii hupewa mgonjwa anayeishi peke yake, ambaye hakuna mtu anayelipwa kumtunza. Wewe ulipoanza tu kulipwa, yeye akatoka. Umepata mia mbili, mama yako amepoteza mia tatu na sitini. Familia yenu inapata hasara ya pauni mia na sitini kila mwezi, na hamkucheza hata kamari."

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Ungekuja kuniuliza ningekwambia. Naambiwa unaniogopa."

Delyth akainamisha kichwa. "Sasa nifanyeje, Mzee Bevan?"

"Acha kulipwa. Uiache posho na kile kifungu pia, vyote viwili, kisha mama yako aombe arudishiwe yake."

"Na kumtunza?"

"Hilo halina fomu."

Akamwambia pia kwamba mama akirudishiwa yake, akamkatia mjukuu pesa ya kuogelea, hakuna sheria inayokataza. Delyth akacheka kwa uchungu. Mama mwenyewe hamsemeshi ila kwa daftari, seuze kumkatia pesa.

Jumanne iliyofuata wiki ikatimia, na Eirlys akajumlisha. Delyth alimkuta mezani na penseli, kofia kichwani, amejumlisha mara tatu na kufuta mara tatu.

"Umedanganya," mama yake akamwambia. "Hapa pana saa hamsini na tatu."

"Nimeandika nilivyofanya."

"Ijumaa umeandika umetoka saa nne usiku."

"Ulikuwa unatapika, Mama."

"Jumamosi hukuandika kutoka kabisa."

"Sikutoka. Tulilala pale kwenye kochi, mimi na Mabli, kwa sababu ya kile kikohozi chako. Uliamka mara tano."

Eirlys akatazama daftari, akatazama kochi.

"Hamsini na tatu," akasema mwishoni. "Hata baba yako mgodini hakufanya hizo. Na huyu mtoto analala kwenye kochi langu na mimi nahesabu dakika." Akavua kofia. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, akayafuta kwa hasira kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Washa gesi."

Delyth akawasha, kisha akamweleza alivyoambiwa na Bevan.

"Mia tatu na sitini kwa mia mbili," Eirlys akarudia. "Hesabu hizo ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

"Nyamaza. Na ya kuogelea mjukuu wangu nitalipa mimi, usibishe. Piga simu."

Wakapiga siku ileile, simu imewekwa sauti ya wazi juu ya meza. Walisubiri dakika arobaini wakipigiwa muziki wa filimbi, Eirlys analalamika kwamba mpiga filimbi anaukimbiza wimbo. Hatimaye akapokea kijana mmoja mpole wa ofisi ya posho.

"Unaacha posho. Sababu ni nini?" akauliza. "Nina orodha hapa. Mgonjwa amefariki?"

"Bado," Eirlys akajibu kwa mbali.

"Amehamia nyumba ya wazee? Amelazwa? Wewe umepata kazi nyingine?"

"Hapana," Delyth akasema. "Sitaki kulipwa tu."

Kibodi ikasikika. Kijana akasema ataandika kwa maneno yake mwenyewe, halafu amsomee ili athibitishe. Akasoma: "Kuanzia leo, Bibi Eirlys Probert hana mtunzaji anayetambuliwa na ofisi hii. Ni sahihi, mama?"

Delyth akaishika kalamu ya daftari, akaanza kuizungushia uzi wake. Alijua ni maneno ya ofisi tu, alijua ndiyo aliyokuja kuyaomba, na bado hakuyataka.

"Uko kwenye simu, mama? Ni sahihi?"

"Sahihi," Eirlys akasema kwa ile sauti yake ya kwaya. "Mtunzaji sina. Nina mtoto."

Delyth akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.

"Kata simu uniinue," mama yake akamwambia. "Nataka kwenda chooni, utalia baadaye."