Namba ya Injini Kwenye Kadi ya Marehemu

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakirudisha bila kusema neno. Huyu ni mtu anayeongea hata akiwa na spana mdomoni, kwa hiyo nikajua mambo yameharibika.

"Sista, hii injini imechoka," alisema mwishowe. "Inakula oili kuliko mafuta. Kuifungua ni kujisumbua. Mie ningekufungia ya mtumba ya Japani, nusu siku tu unaondoka."

Mtu mwingine angeuliza bei. Mimi niliuliza habari za namba. Kila injini ina namba yake iliyogongwa kwenye chuma, na namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, kadi nayo lazima ibadilishwe, na wa kuomba ibadilishwe ni mwenye gari. Mwenye gari alikuwa mume wangu, na mume wangu tulikuwa tumemzika miaka miwili kabla. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao, ukamteua kaka yake mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Siku ile shemeji alisema nilitumie gari "kwa sasa". Sikumuuliza sasa hiyo inaishia lini, na toka hapo sikuwahi kuliegesha mahali ambapo angeliona.

Naomba nieleweke. Sikuling'ang'ania kwa maringo. Kioo kimoja kilikuwa hakishuki, na likipanda kilima cha Pugu watu wa njiani walikuwa wakiziba pua. Lakini binti yangu ana miaka minane na miguu yake haijawahi kumbeba. Shule inayopokea watoto kama yeye ipo Temeke, sisi tunakaa Gongo la Mboto. Makonda wakiona kiti chake cha magurudumu wanageuza shingo upande wa pili kana kwamba nimewashikia panga. Gari likifa, shule nayo imekufa. Mimi sikuwa na hesabu nyingine.

"Tufunge kimya kimya," fundi alinishauri. "Nani atafungua boneti asome namba?"

Nilitamani, sitasema uongo. Lakini nilijiona nimesimamishwa na trafiki, mjane na gari la marehemu, injini haijulikani imetoka wapi, mtoto yupo kiti cha nyuma anashuhudia. Nikamwambia aifungue hiyo hiyo ya zamani aitengeneze. Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili, akaenda kuchukua vifaa.

Siku nne binti yangu alikaa nyumbani. Siku ya tano fundi aliniita, akanionyesha matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Yalikuwa yamelika, na marehemu alikwishayachongesha huko nyuma, tena mpaka saizi ya mwisho. Mimi sikuwa na habari.

"Haina nyama tena, sista. Nikichonga natoboa."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikalia mbele ya mafundi wote, wala sikujali. Nilimkasirikia mume wangu kwa kufa. Nilimkasirikia zaidi kwa kuandika jina lake peke yake kwenye kadi, ilhali nusu ya gari lile ilitokana na vitumbua vyangu.

Kisha nikajikaza kisabuni, nikaenda Kinondoni kwa shemeji.

"Shikamoo, shemeji. Nimekuja kwa habari ya gari."

"Marahaba. Kumbe lile gari bado lipo?"

Nilimweleza yote, mpaka nikajikuta nimepiga magoti kwenye zulia lake. Nilichoomba ni saini moja tu. Alinisikiliza vizuri, hata alinisikitikia, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Alisema mambo ya makaratasi yana usumbufu, nitazungushwa bure.

"Acha kadi na ufunguo hapo, shemeji. Mie nitalishughulikia."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa. Gari lilikuwa limelala gereji, tumbo wazi, na bila yeye lilikuwa bati tu. Niliweka ufunguo mezani nikamshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Injini ya Japani ilifungwa. Kadi ilibadilishwa namba, na jina pia, likaandikwa la shemeji. Nilipopiga simu kuuliza lini nikalichukue, alinijibu kwamba mali ya marehemu ni ya ukoo.

Sasa binti yangu anafika shule siku moja moja, nikipata bajaji ya kumhurumia. Alasiri moja tulikuwa kituoni Temeke tukitafuta usafiri wa kurudi, yeye yupo mgongoni kwangu, kiti chake nimekiegemeza mguuni. Gari letu likatokea, shemeji anaendesha, linakwenda vizuri kabisa. Binti yangu alilitambua kabla yangu. Akainua mkono kulisimamisha, akaushikilia juu mpaka lilipopotea kwenye foleni. Sikuwa na nguvu za kumwambia aushushe.