Daftari la Timazi

Nilipopewa kazi ya kuwashauri wanafunzi sikuulizwa kama naitaka. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanipa faili la buluu na ufunguo wa chumba kilichokuwa kikiwekwa mipira na nyavu, akasema, "Wewe unasomesha Jiografia, unajua mambo ya dunia. Watafutie watoto mahala pa kujifunza kazi." Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Wanafunzi wa kidato cha tatu wa skuli yetu, iliyopo mtaa wa Ng'ambo, walitakiwa wakae wiki sita kwenye sehemu za kazi, waone watu wanavyofanya, ili wakifika kidato cha nne wajue wanataka kuelekea wapi. Mimi nizungumze na kila mmoja, nijue moyo wake uko wapi, kisha nimtafutie mahala. Kuzungumza kulikuwa rahisi. Tabu ilikuwa mahala. Nilitembea Mji Mkongwe mzima kwa miguu, nabisha hodi, nasubiri kwenye mabenchi ya ofisi, naambiwa meneja katoka. Waliokubali bila ya maneno mengi walikuwa wenye mahoteli, na wao walichotaka ni watu wa kutandika vitanda. Mtoto aliyeniambia anataka kuwa rubani nilimpeleka akakunje mashuka, kisha nikajaza fomu kwamba kapata uzoefu katika sekta ya usafiri.

Alikuwapo msichana mmoja hakutaka hoteli. Baba yake alikuwa akifanya kazi Kizimbani, kwenye shamba la serikali, akiangalia miche ya mikarafuu. Yeye mwenyewe alikuwa akikaa mjini kwa shangazi yake. Mrefu, si msemaji sana, hesabu zake safi.

"Nataka kujenga," aliniambia.

"Kuchora ramani?"

"La, Mwalimu. Kujenga kwa mkono. Zile nyumba za zamani."

"Kwa nini zile?"

"Kwa sababu zinaanguka."

Nilihangaika wiki tatu kwa ajili yake. Mwisho nilifika kwenye nyumba moja kongwe ya ghorofa tatu, mtaa wa Malindi, iliyokuwa ikitengenezwa ili ipokee wageni. Msimamizi wa mradi alicheka niliposema ni msichana. Lakini pale juu ya jukwaa alikuwapo fundi mtu mzima, amekaa anakandika ukuta, akasema bila ya kugeuka, "Mwache aje. Hawa wanaume wangu hakuna anayejua kuchuja chokaa."

Akaenda. Kila Alhamisi baada ya vipindi nilikuwa nakwenda kumtazama na kutia saini daftari lake la mafunzo. Fundi alimfundisha kuloweka chokaa na kuipa muda wake, kuichanganya na mchanga na udongo mwekundu, kuikandika kwa mwiko bila ya kuinyanyasa. Akamfundisha kutumia timazi, ule uzi wenye uzito wa chuma unaoning'inizwa kujua kama ukuta umesimama wima. Msichana akauning'iniza kwenye ukuta wa nyuma, na kila asubuhi akawa anapima nafasi iliyopo baina ya uzi na mawe, anaandika kwa penseli. Hakuna aliyemtuma. Alipenda tu kuandika. Nikimkuta, viganja vyeupe, pindo la ushungi jeupe, anacheka peke yake. Nilirudi nyumbani nikijiona kuwa kazi hii naiweza.

Wiki ya nne mvua za masika zilikuwa zimeshika kasi. Alhamisi hiyo nilimkuta ananisubiri mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Ule ukuta unakuja."

"Marahaba. Unakuja wapi?"

"Unakuja nje. Nilipoanza, vidole vitatu vilikuwa vinapita nyuma ya uzi. Leo hakipiti hata kimoja."

Akanionesha daftari, kurasa baada ya kurasa. Mimi si fundi, lakini namba zinazopungua kila siku mtu yeyote anazielewa. Nikamfuata fundi pale alipo.

"Nshawaambia mara mbili," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Waliutoboa chini wapitishe mabomba. Mimi fundi wa kukandika tu, Bi Mwalimu. Sina kalamu."

Nikaenda kwa msimamizi. Alinisikiliza kwa adabu, akaniletea kiti, akasema, "Mtoto kaja kujifunza, hakuja kukagua. Mhandisi wetu atakuja mwezi ujao, atautazama."

Nikaandika barua. Mwalimu mkuu aliisoma yote, akairudisha bila ya kuigonga muhuri wa skuli. "Tukiwaudhi hawa, mwakani nani atatupokelea watoto?" Nikaipeleka bila ya muhuri kwenye ofisi inayohusika na majengo. Kijana wa masjala akaigonga "Imepokelewa" na kunipa nakala. Nilipiga simu siku ya pili, na ya tatu, na iliyofuata. Barua ilikuwa mezani kwa mkubwa. Mkubwa alikuwa Pemba.

Nilimwambia msichana asiende tena. Alinitazama kama nimemtukana. "Zimebaki siku tisa, Mwalimu. Nisipomaliza sipati cheti. Na fundi nani atamchujia?"

Nami nikakubali. Mpaka leo napita katika maneno yale natafuta pahala ambapo ningesema jengine. Nilimwambia tu asisimame karibu na ule ukuta, nikatia saini, nikaondoka.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nasomesha kusoma ramani, simu ikatikisika kwenye mkoba. Alikuwa yule msichana. Nilisikia kelele za watu na pumzi yake, maneno sikuyasikia. Nilitoka darasani mbio, nikachukua bodaboda ya kwanza niliyoiona.

Kichochoro kizima kilikuwa vumbi, na juu ya vumbi ile mvua inanyesha, kila kitu kimekuwa tope la chokaa. Yeye alikuwa ametoka kuteka maji kwenye pipa la nje ukuta ulipokuja chini. Fundi alikuwa ndani. Nilimkuta msichana amepiga magoti anachimba kwa mwiko, watu wazima wanamvuta atoke, anarudi. Aliponiona alinishika mkono.

"Mwalimu, fanya kitu!"

Nilitoa simu. Nikaanza kupiga zile zile namba nilizokuwa nikizipiga siku zote. Sijui nilitaraji nini. Watu walikuwa wakiondoa mawe kwa mikono, na mimi nimesimama na simu sikioni, inaita, haipokelewi.

Fundi walimtoa yu hai, wakampakia juu ya ubao wa mlango. Kiuno kilikuwa kimevunjika, na miguu haikurudi tena kuwa yake. Nilipokwenda kumtazama hospitali, aliitika salamu yangu kwa sauti ndogo, kisha akauliza, "Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Alhamdulillahi. Mwambie alipima sawasawa."

Nikampelekea msichana maneno yale nikidhani nampelekea kitu. Aliniuliza, "Kulifaa nini?"

Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Walikuja skuli watu watatu wapole sana, wakataka daftari la msichana. Niliomba kwanza nilitoe nakala. Mashine ya skuli ilikuwa haina wino. Wakasema watalirudisha wiki ile ile. Ndani yake mlikuwa na namba zake zote, na chini ya namba, kila Alhamisi, saini yangu. Sitasema uongo: walipoondoka nalo sehemu yangu moja ilipumua. Ripoti ilipotoka ilisema mvua. Daftari nililiulizia mara tatu. Kila mara lilikuwa kwa mtu mwengine.

Baba wa msichana alikuja kuniona, amevaa kanzu na kofia yake nzuri kama anayekwenda kwenye shughuli. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe. Nilikuwa najua mwanangu yuko skuli."

"Alikuwa kwenye mafunzo ya skuli," nilisema.

"Alikuwa kwenye ukuta," akasema. Akaniaga vizuri, akaondoka.

Kidato cha nne msichana alikisoma akiwa kimya zaidi. Ilipofika zamu yake ya kuja kwenye kile chumba changu kujaza fomu ya chaguo la baadaye, yenye mistari mitatu, mstari wa kwanza aliandika "chochote", miwili iliyobaki akaiacha.

"Siwezi kuipeleka hivi," nilimwambia.

"Basi jaza wewe, Mwalimu."

"Si mimi nitakayeifanya hiyo kazi, mwanangu."

"Najua." Akanisogezea kalamu.

Nilikaa nayo muda mrefu, yeye anatazama dirishani. Nikaandika uhazili. Nikijua hataki, nikaandika, kwa sababu nilimuona katika mawazo yangu amekaa ofisini, mbele ya meza, na juu yake dari mpya ya zege. Akatia saini bila ya kusoma.

Sasa anapiga chapa kwenye ofisi moja mjini. Tukikutana sokoni Darajani ananiamkia kwa heshima, anaulizia watoto, anasema ana haraka. Mke wa fundi ndiye aliyeniambia kuwa msichana huenda kwao kila Ijumaa alasiri, akamsaidia kumgeuza mzee kitandani, akakaa naye, hawazungumzi sana. Mimi nilikwenda mara mbili. Mara ya tatu nilifika mpaka mlangoni, nikasikia sauti zao ndani, nikashindwa kupiga hodi.