Rangi ya Komamanga

Fumiyo Onoda alianza kulipaka mafuta kerezo la baba yake akiwa na miaka kumi na miwili, na hadi anatimiza arobaini na sita hakuruka asubuhi hata moja. Mashine hiyo ya kukerezea vyuma ilikaa chumba cha mbele cha nyumba yao huko Higashi-Osaka, pale ambapo wengine huweka meza ya kulia. Alifuta chenga za chuma kwenye reli zake, akadondoshea mafuta, akaizungusha kwa mkono mpaka aisikie inateleza, ndipo akanywa supu yake ya miso. Pini za cherehani alizokereza yeye hazikupishana hata unywele.

Lakini tanuri la uani lilikuwa mwiko kwake. Huko baba yake, mzee Yasokichi, alizifukia pini ndani ya sanduku la chuma lenye makaa ya mifupa, akalichoma mpaka lipate rangi ya komamanga, kisha akazimwaga majini. Uso wa pini ukawa mgumu, moyo wake ukabaki laini usivunjike. Mungu wa moto ni mwanamke, walisema wahunzi wa kale, na hataki mwanamke mwenzake karibu. Wivu wa mungu huyo uliwafaa sana wanaume.

Fumiyo hakubisha. Ukuta wa jikoni ulikuwa na tundu lililotazama tanuri, na miaka thelathini alichungulia hapo, akaijua rangi ile kuliko uso wake mwenyewe.

Kisha ukungu ukaingia machoni mwa mzee. Moto aliuona hafifu, akawa anauzidisha. Bwana Hamaguchi, mteja pekee waliyebaki naye, akarudisha boksi la tatu.

"Mzee Onoda, pini zako siku hizi zinakatika kama biskuti. Nakupa boksi moja la mwisho. Nalo likiharibika, tusilaumiane."

Alipoondoka, Fumiyo akasema, "Baba, unaliacha sanduku mpaka linakuwa rangi ya boga. Acha nikuangalizie rangi tu. Mengine yote fanya mwenyewe."

Mzee akamgeukia. "Rangi umeijuaje?"

"Kwenye tundu la jikoni," akasema Fumiyo. Maji yalikwisha kumwagika.

"Kumbe! Namtafuta anayemuudhi mungu wa moto na kuniharibia kazi, kumbe nakula naye! Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

"Jicho langu ndilo zima humu ndani, baba!"

"Toka!"

Mzee akaliziba tundu kwa ubao na misumari saba, miwili akaikosa akajigonga kidole. Kesho yake akawasha moto. Fumiyo alisimama jikoni, akikadiria muda kwa mazoea. Ulipofika akaupiga ukuta ngumi.

"Toa sasa, baba! Toa!"

Hakusikia pini zikimwagwa majini. Akapiga tena mpaka mikono ikamuuma. Maji aliyasikia yakichemka baadaye sana, akajua wamekwisha.

Boksi lilirudi. Hamaguchi hakuja hata mwenyewe, alimtuma dereva.

Mwezi uliofuata mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na lori kulichukua kerezo. Alimkuta Fumiyo amepiga magoti, kitambaa mkononi, anazipaka reli mafuta.

"Dada, unajichosha bure," akacheka. "Hili linaenda kuyeyushwa leo leo."

Mzee Yasokichi alikuwa amekaa kizingitini, macho yake meupe yameelekea huko.

"Najua," akasema Fumiyo, kwa sauti ya kumfikia baba yake. "Lakini hili halijanikosea kitu."