Mwomboko Ulipohamia Ruiru

Mama yangu alikuwa mchezaji wa mwomboko. Kwa asiyeujua, hiyo ni dansi ya wazee wa kwetu, mwanamume na mwanamke wakishikana mikono, kinanda cha kuvutwa kikilia na mtu mwingine akigonga duara la chuma kushika mapigo. Kijijini kwetu, kwenye miinuko iliyo juu ya Thika, wazee walikutana kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa zamani nyuma ya kiwanda cha ushirika cha kahawa. Mimi nina duka la nafaka Witeithie, huko chini karibu na Thika, na nilipompelekea mama unga na sukari siku hiyo sikujisumbua kumtafuta nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ukumbini, nikamkuta na sketi yake ya marinda, uso umelowa jasho, anacheka kama msichana.

Baba alikuwa amefariki zamani. Nadhani zile Jumamosi ndizo zilizomshikilia mama. Wakichoka kucheza walikaa kwenye mabenchi wakaulizana nani mgonjwa, ng'ombe wa nani amezaa, mkwe wa nani amerudi kwao. Mpiga kinanda alikuwa jirani yetu, mzee aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache sana hadi aketi na kinanda mapajani.

Masika moja upepo uling'oa paa la ukumbi. Mabati mengine tuliyaokota huko chini kwenye mashamba ya parachichi. Wazee walikwenda kwa chifu, chifu akawaelekeza kwa ofisi ya utamaduni, na baada ya miezi mingi afisa mmoja akaja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, viatu vyake vikajaa matope mekundu asilalamike. Alisimama katikati ya ukumbi, akainua macho, akaona mawingu.

"Shosho," alimwambia mama, yaani bibi kwa Kikuyu, "hata nyanya yangu alicheza huu. Lakini pesa za utamaduni zimepangiwa miji. Ruiru kunajengwa kituo, Thika kuna tamasha. Naweza kuwaletea basi, niwape chakula na sare. Mabati sina."

"Kwani utamaduni uko Ruiru?" mama akauliza.

"Watu ndio wako Ruiru, Shosho. Wakubwa wanataka pesa ziende penye watu."

"Na sisi ni nini?"

Afisa alimshika mama mkono, akaushikilia kwa muda, kisha akarudi kwenye gari. Sikuweza kumchukia. Alitoa alichokuwa nacho.

Basi lilikuja kweli, likawapeleka kwenye tamasha la Thika. Nilifunga duka nikaenda kuwatazama. Walikaa chini ya hema tangu asubuhi, sare mpya zikiwakaba shingo, wakimsubiri mgeni wa heshima. Alipofika, ratiba ilikuwa imeshachelewa. Wazee waliitwa uwanjani, kinanda kikaanza, na mama alikuwa ndiyo kwanza amechangamka wakati mshereheshaji alipodakia kwenye kipaza sauti: "Asanteni sana wazee wetu! Makofi kwao!" Spika kubwa zikafunika kinanda. Wazee walibaki wameshikana mikono, hawajui kama wamemaliza.

"Tuliitwa tuonekane," mama alisema tukirudi kwenye basi. "Basi. Tumeonekana."

Lakini vijana kadhaa wa Mwihoko, mtaa wa karibu na Ruiru, walimfuata yule mzee wa kinanda hadi mlangoni mwa basi, wakamwomba awaonyeshe jinsi vidole vinavyokwenda. Walikuwa wa kundi lile ambalo kituo cha Ruiru kilikuwa kikijengewa, na wengine wazazi wao walitoka magharibi mwa nchi, Kikuyu wanakijua cha sokoni tu. Mzee alifurahi. Nilimwona. Sikuwa nimemwona akifurahi vile tangu amzike mkewe.

Kituo kilipofunguliwa, mzee alikuja jikoni kwa mama nami nikiwepo.

"Wamenipa kazi," alisema. "Mshahara na chumba. Kuna vijana wanaotaka kujua. Hapa nikifa, hiki kinanda watakilalia kuku."

Mama alimmiminia chai. "Na sisi tutacheza na nini?"

"Nitakuwa nakuja Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo vijana hawako kazini. Ndiyo utafundisha."

Mzee alikunywa chai yote, akashukuru, akaenda. Nilitaka kusema kitu, lakini kila mmoja wao alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na nini cha kuongeza?

Alikuja Jumamosi chache, halafu hakuja. Wazee walijaribu na redio. Kisha mvua ikarudi, sakafu ikawa tope, wakaacha.

Baadaye nilimpeleka mama Ruiru. Kituo ni kizuri, sitakidharau. Kina vigae, taa, na choo kisafi. Msichana mmoja ambaye kwao ni Bungoma alimpokea mama kwa mikono miwili. "Shosho, nisimame hivi ama hivi?" Mama alimnyoosha mabega, akacheza naye, halafu akacheza na kijana mwingine, na mzee akamtabasamia kutoka kwenye kiti chake. Muziki ulipokwisha vijana walitia visikizi vyao masikioni, wakabeba mabegi, "Bye, Shosho!", wakatawanyika.

Njiani tukirudi mama alitazama nje.

"Wanaucheza vizuri," akasema. "Siwezi kudanganya. Lakini nilipokaa chini, hakukuwa na mtu wa kumuuliza habari za kwake."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mwaka jana mimi na ndugu zangu tulichanga, tukaezeka ukumbi upya, na ikatangazwa kanisani kwamba Jumamosi wazee watacheza tena. Mzee aliahidi kuja, lakini siku yenyewe alipiga simu akaomba radhi, kundi lake la vijana limeitwa kucheza mbele ya wageni Nairobi. Walikuja wanawake watatu. Mwanamume aliyezoea kucheza na mama alikuwa amefariki, mwingine amehamia Kahawa Wendani kulea wajukuu, wengine magoti yamekataa. Harufu ya mabati mapya ilijaa mle ndani. Niliwawekea mwomboko kwenye simu yangu, nikaongeza sauti.

"Zima tu, mwanangu," mama akasema. "Acha tuongee."

Waliongea, wakacheka pia, hadi wakati wa kukamua ng'ombe. Jumamosi iliyofuata ilinyesha, na hakuja mtu.

Sasa ushirika unahifadhi mbolea humo ukumbini. Waliomba kwa adabu, na mama ndiye aliyewapa ufunguo. Nilipomuuliza kwa nini hakusubiri kidogo, alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

"Tungesubiri nani?" akasema, akaenda kuwafungia kuku.