Komeo la Matabishi

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na hapa Lubumbashi hiyo maana yake ni kwamba ninakula kwa hofu ya watu wengine. Watu wanaogopa wezi, mimi ninawatengenezea milango ya chuma na vyuma vya madirishani, vile ambavyo sote tunaviita antivol. Nimefunga antivol kwa mapadri, kwa wajane, hata kwa jamaa mmoja ambaye mtaa mzima ulijua kuwa mwizi ni yeye. Karakana yangu iko Katuba, kando ya barabara, na kazi zangu zimeegemea ukuta wa nje ili kila mpita njia azione. Kila mpita njia huziona, isipokuwa baba yangu.

Baba alichomelea mabehewa katika karakana ya reli tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kwake yeye, kuchomelea ni kuunganisha chuma kitakachobeba shaba kutoka huku hadi baharini. Ninachofanya mimi ni kutunga shanga. Kila Jumapili akitoka misa hupita mbele ya karakana yangu, na kila Jumapili huona kitu cha maana sana upande wa pili wa barabara. Mlango wa nyumba yake mwenyewe ni wa mbao, umeoza chini, na unafungwa kwa waya. Nimemwomba mara nyingi nimtengenezee wa chuma, na jibu lake halijawahi kubadilika.

"Siku utajua kazi, njo nitakuita."

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na baba aliishika methali hiyo kwa mikono miwili. Nilipofaulu mtihani wa shule ya msingi alitazama karatasi yangu, akasema, "Bengine banapita na points mingi." Nilipooa, alisema ukumbi ulikuwa na joto. Basi unaweza kuelewa kwa nini, niliposikia kwamba bustani ya wanyama ya mjini inajenga nyumba mpya za kima na milango yote nimepewa mimi, nilikwenda kwake mbiombio kabla hata ya kumwambia mke wangu.

"Makako?" aliuliza baba.

"Ndiyo, Papa. Nyumba ya mupya, ya muzuri. Siku ya kufungua, bakubwa ya muji bote batakuwa pale."

Alifikiri kidogo. "Ni vizuri. Makako beye habajue kulalamika." Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Nitakuya kuona."

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Sikuwa nafanya kazi ya kima tena, nilikuwa nafanya kazi ya baba. Kila mshono wa chuma niliupitia mara mbili, mara nyingine tatu. Juu ya kila mlango nilichomelea ua la petali nane, kama wanavyopenda akina mama wa mjini, ingawa hakuna aliyeniomba.

Tatizo lilikuwa mchoro. Mchoro ulionyesha komeo upande wa nje wa kila mlango, na nje tu. Nilikaa na karatasi ile mchana mzima. Tangu nianze kazi sijawahi kumfungia mtu komeo la nje. Katika mji wetu komeo hukaa ndani, kwa sababu anayelala ndani ndiye anayeogopa. Nikajisemea kwamba kijana aliyechora hajawahi kulala Katuba. Lakini kazi ni kazi, nikafunga makomeo ya nje kama alivyotaka.

Kisha nikaongeza ya ndani. Kwetu, fundi anayejiheshimu hamwachi mteja aende mikono mitupu. Muuza makaa huongeza vipande viwili juu ya gunia, fundi wa nguo hukutengenezea kitambaa cha kichwa kwa mabaki, na hayo yote ni matabishi. Matabishi yangu mimi ni komeo zuri la ndani, nene, lililopakwa grisi. Kwamba aliye ndani safari hii angekuwa kima, nisiseme uongo, wazo hilo lilinijia. Lilinijia kama mgeni aliyekosea nyumba, nikaliacha lijiendee.

Kando ya jengo jipya kulikuwa na tundu la zamani, na ndani yake kima jike mzee aliyekuwa mkubwa wa familia nzima. Wiki mbili alinitazama kazini, ameshika waya kwa mikono yote miwili, bila kupepesa macho. Wateja wangu wengi hawana subira hiyo. Nilipojaribu makomeo, kla, kla, alisogeza kichwa kushoto na kulia pamoja nayo. Nikamwambia, "Mama, hii iko yako. Mwizi hataingia." Tulielewana vizuri sana.

Mlinzi mkuu wa kima, mama mmoja mnene wa mabuti ya mpira, alikuja kupokea kazi. Alisukuma kila mlango hadi ukutani, akavuta komeo la nje, akarudisha, akasema, "C'est bon." Milango ilifunguka kwa ndani, kwa hiyo uso wenye matabishi ulibaki umeelekea ukuta. Sikumwambia kitu. Matabishi huwa matamu zaidi mtu akiyagundua mwenyewe.

Ikafika Jumamosi ya ufunguzi. Baba alikuja amevaa suti yake ya Pasaka na kofia, akaketi karibu nami bila kutazama jengo. Hotuba, zile discours za wakubwa, zilifuatana moja nyuma ya nyingine kama malori ya mpakani Kasumbalesa, na kipaza sauti kilipiga kelele za kutoboa masikio. Familia ya kima ilikuwa imehamishiwa katika chumba chake kipya alfajiri ile. Mpango ulikuwa rahisi: utepe ukikatwa, mama mlinzi angevuta komeo la nje, na kima wangetoka uani kuonyesha wageni kamba na miti yao mipya.

Utepe ulikatwa. Mama mlinzi alivuta komeo, akasukuma mlango. Mlango ulikaa kimya. Akasukuma kwa bega, kisha kwa bega na nyonga. Kwenye kidirisha cha mlango, nyuma ya antivol yangu, ulitokea uso wa yule kima mzee. Alikuwa anakula papai na kututazama bila haraka yoyote.

Mama mlinzi alichungulia ndani, akaona komeo la pili limefungwa, kisha akageuka. "Nani alitia verrou mu ndani?"

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vimechakaa.

"Minauliza, nani?"

"Ni miye, Mama," nikasema. "Ni matabishi."

"Matabishi ya nani?" akauliza mkubwa mmoja aliyekuwa bado ameshika mkasi.

"Ya benye nyumba, chef."

Watu walicheka hadi wanafunzi wa shule waliopangwa mstari wa mbele wakakaa chini. Mtaimbo ukaletwa, nikaambiwa nivunje. Nikajaribu. Wakaja wafanyakazi wawili wenye vifua, wakajaribu pamoja, mtaimbo ukapinda kidogo na mlango ukabaki vile vile. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na mashine yangu. Sikuthubutu kumtazama baba, kwa sababu nilijua kwamba sasa amepata maneno ya kumtosha hadi kifo chake.

Ndipo nikasikia kiti kikisogea. Baba alivua koti, akanipa nilishike, akaingia uani. Hakuchukua mtaimbo kwanza. Alivaa miwani, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa chuma, polepole, kutoka bawaba ya juu hadi ya chini, kama walivyokagua mabehewa zamani. Alifika chini, akarudi juu tena. Halafu akaweka mtaimbo kwenye bawaba ya chini, akakandamiza hadi mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna kilichosogea.

"Muzee, itawezekana?" aliuliza yule mkubwa wa mkasi.

Baba alifuta kidole chake kwa leso. "Hapana," alisema. "Hii haivunjike."

Nilisimama pale na koti la baba mikononi, sherehe imeharibika, mji mzima unanicheka, na nilikuwa na furaha mpaka nikaona haya. Machozi yalinijia. Nikasingizia vumbi.

Wageni walialikwa upande wa vinywaji, wakaenda, na mtu akazima kipaza sauti. Haikupita dakika moja. Kla. Kima mzee alifungua mlango mwenyewe, akatazama kushoto na kulia, akapanda kamba, na wenzake wote wakamfuata.

"Alingoya discours iishe," alisema mama mlinzi, akaketi juu ya ndoo na kucheka hadi akashika ubavu. Jumatatu nilirudi na mashine ya kukatia, nikatoa makomeo ya ndani siku nzima, na kima mzee akanitupia maganda. Maua waliniachia.

Lakini jioni ile ya Jumamosi tulirudi Katuba mimi na baba. Tulipofika mbele ya karakana yangu alisimama. Kulikuwa na mlango wa mteja umeegemea ukuta. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akakitazama kidole, akaendelea na safari.

Kwake, alianza kufungua ule waya wa mlangoni, mzunguko baada ya mzunguko, kama kila siku.

"Kesho kisha misa," alisema akiwa amenipa mgongo, "kuya na mètre."

"Ya nini, Papa?"

"Kupima mulango."

Aliingia. Nilikuwa bado nimesimama pale nje sijui niweke wapi mikono yangu, akatoa kichwa.

"Na ile verrou," akasema, "utie mu ndani."